Mabonde ya magurudumu kwenye lami isiyo na shimo: ni joto, ni malori au ni udongo?

Swali: Papa Mhandisi, jambo. Mimi ni dereva wa taksi-basi kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Kuna kipande cha njia ambacho gudroni (lami) yake haina shimo wala ufa, lakini magurudumu ya makamyo yamechimba humo mabonde mawili marefu. Mvua ikinyesha maji yanatuama ndani yake na usukani unavutwa. Walikuja kuyajaza mara moja, yakarudi. Wengine wanasema gudroni iliwekwa nyembamba, wengine wanasema ni joto, wengine wanasema ni uzito wa makamyo. Ukweli ni upi, na kwa nini matengenezo hayakudumu?

Jibu: Ndugu yangu dereva, nakushukuru kwa swali lako, na zaidi kwa namna ulivyoliandika, kwa kuwa maneno yako «haina shimo wala ufa» yana uzito kuliko mengine yote kwa mtu wa kazi yangu. Barabara yenye mashimo imepoteza mali yake: kokoto zimeng'oka na kutupwa kando. Barabara unayoieleza haijapoteza kitu. Kokoto zote bado zimo, bitumeni yote, ile gundi nyeusi inayozishika, bado imo, ila vimehama kutoka mahali vilipowekwa. Sisi tuliofundishwa kazi hii kwa Kifaransa tunaita alama hiyo ornieri. Hapa nitaiita bonde la gurudumu, ili isichanganywe na mfereji wa maji wa kando ya barabara, ambao nao nitakuja kuutaja.

Kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa, lazima ijulikane ni tabaka lipi lililohama. Chini ya tairi kuna mchanganyiko wa lami, mara nyingi wenye unene wa sentimita 4 hadi 10. Chini yake kuna msingi wa kokoto zilizopondwa au wa changarawe iliyotiwa saruji, kisha tabaka la changarawe nyekundu ya laterite tunayoichimba kila mahali Katanga, na mwishoni udongo wenyewe wa mahali. Kila moja kati ya hayo linaweza kubonyea, na lami iliyo juu, kwa kuwa ina ulaini kiasi, hufuata tu umbo la kilicho chini yake. Ndiyo maana watu watatu wanaweza kusimama kando ya bonde moja na kutoa majibu matatu, na kila mmoja akawa ameona ukweli mahali pengine.

Bahati nzuri ni kwamba bonde lenyewe hutoa ushahidi. Chukua tonge la bukari (ugali) mkononi, ulibonyeze kwa kidole gumba kama unavyofanya kabla ya kuchovya mchuzi. Pembeni mwa shimo la kidole bukari huinuka, kwa sababu unga uliosukumwa chini hauna pa kwenda isipokuwa kando na juu. Sasa weka sahani ya bati juu ya matope, uikanyage katikati: itazama yote kwa pamoja, kwa upana, bila kuinua ukingo karibu na mguu wako. Barabara hufanya hivyohivyo. Bonde jembamba, lenye upana unaokaribia ule wa matairi mawili ya pacha, na lenye matuta yaliyovimba pande zote mbili, maana yake mchanganyiko wa lami wenyewe ndio uliotiririka. Bonde pana, la sentimita 70 au zaidi, lenye kingo laini zisizovimba, maana yake tabaka la chini au udongo ndio uliozama. Ukiona pia kwamba bonde la upande wa bega la barabara ni kubwa sana kuliko lile la katikati, shaka yako iende kwenye maji yanayoingia kutoka pembeni, kwa sababu huko ndiko udongo unakolowa kwanza.

Kuna ushahidi wa pili ambao wewe dereva unaupata bila chombo chochote, nao ni majira. Muulize mwenzako anayepita hapo kila siku: bonde liliongezeka lini? Mchanganyiko wa lami huhama wakati wa joto, na kwetu Lubumbashi joto kali ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza kunyesha sawasawa, wakati anga ni jeupe na jua linashuka wima. Udongo na changarawe huhama vinapolowa, yaani kuanzia Desemba hadi Machi. Kama bonde liliongezeka Oktoba ardhi ikiwa imekauka kabisa, basi udongo hauna kosa. Kama lilitulia Oktoba na likazama Februari, basi joto halina kosa. Nimewaona mafundi wenye shahada wakitumia miezi kubishana juu ya jambo ambalo mwuza makala (mkaa) wa kando ya njia angeweza kuwajibu.

Katika maelezo yako hukutaja matuta pembeni, lakini umesema usukani unavutwa, na umesema hakuna ufa. Udongo unapozama chini ya lami, baada ya muda lami huchoka kwa kupindwapindwa na kuanza kupasuka katika njia ya magurudumu, nyufa ndogo ndogo kama magamba ya mamba. Kukosekana kwa nyufa hizo kwenye mabonde yaliyokwisha kuwa marefu kunanielekeza kwenye mchanganyiko wenyewe. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, kisha nirudi kwa udongo kwa kifupi.

Mchanganyiko wa lami ni mawe. Kwa uzito, mawe, mchanga na unga wa mawe huchukua takriban asilimia 95, na bitumeni karibu asilimia 5. Kazi ya kubeba lori ni ya mawe, yakigusana na kukabana. Bitumeni huyashika yasitawanyike na kuyazuia maji. Kati yao lazima ibaki hewa kidogo, na kwa kawaida mchanganyiko hubuniwa ili hewa hiyo iwe asilimia 3 hadi 5 ya ujazo wakati barabara imekwisha kukanyagwa na kutulia. Watu hushangaa ninapowaambia kwamba tunalipia hewa, lakini hewa hiyo ndiyo nafasi ya bitumeni kupumulia inapopanuka kwa joto. Hewa ikipungua chini ya asilimia 2 au 3, bitumeni hujaza kila pengo. Haibanwi ikapungua, kama vile maji yasivyobanwa, basi uzito wa gurudumu unaangukia juu ya kimiminika badala ya kuangukia juu ya mawe. Mawe yanaogelea, na mchanganyiko unatiririka.

Bonde la aina hii hupitia hatua tofauti. Kwanza, katika miezi ya mwanzo, magurudumu yanamalizia kazi ya rola: yanashindilia mchanganyiko zaidi na kupunguza hewa. Hesabu yake ni rahisi. Tabaka la sentimita 5 lililoachwa na hewa ya asilimia 8 likishindiliwa na magari hadi asilimia 4 litapoteza asilimia 4 ya unene wake, yaani milimita 2. Milimita 2 tu! Hata kama rola ilifanya kazi mbaya sana na kuacha hewa ya asilimia 12, hasara ingekuwa milimita 4. Kwa hiyo mtu akikuonyesha bonde la sentimita 3 na kukuambia kwamba «halikushindiliwa vizuri», mwombe aitafute hiyo sentimita 3 ndani ya tabaka la sentimita 5. Hatua ya pili ni mtiririko wenyewe: hewa haipungui tena sana, lakini mchanganyiko unasukumwa kutoka chini ya tairi kwenda kando, polepole, mwaka hadi mwaka. Ya tatu huja pale hewa inapokwisha, na hapo bonde linaloongezeka milimita 2 kwa mwaka linaweza kuongezeka zaidi ya sentimita katika msimu mmoja wa joto.

Sasa joto. Bitumeni haina nukta moja ya kuyeyuka kama barafu au siagi. Hulainika kidogo kidogo. Kipimo kinachotumika duniani kote ni sindano yenye uzito wa gramu 100 inayoachwa izame katika bitumeni ya nyuzi 25 kwa sekunde 5, na kina chake husomwa kwa sehemu za kumi za milimita. Bitumeni inayoitwa 50/70 ni ile ambayo sindano huzama kati ya milimita 5 na 7. Ile ya 35/50 ni ngumu zaidi, na ile ya 70/100 ni laini zaidi. Bitumeni ya 50/70 hulainika kiasi cha kupitisha goroli ya chuma katika jaribio la pete kwenye nyuzi kati ya 46 na 54. Lami nyeusi chini ya jua la Oktoba hupita nyuzi 50 kwa urahisi, hata hewa ikiwa na nyuzi 33 tu. Watu wa Lubumbashi hujiona wako mahali pa baridi, kwa kuwa tuko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai tunatafuta blanketi. Baridi hiyo ya Juni haiisaidii lami hata kidogo mchana wa Oktoba.

Lakini joto peke yake halitoshi, na hapa ndipo wanaosema «ni joto» huishia njiani. Bitumeni hujibu pia muda. Ukiigonga kwa nyundo ikiwa baridi inavunjika kama kioo. Ukiiacha juu ya meza itatandazika yenyewe. Gurudumu linalopita haraka ni nyundo, lori lililosimama ni ule muda wa mezani. Alama ya tairi la lori ina urefu wa sentimita 25 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila nukta ya lami inabeba tairi hilo kwa sehemu 15 za elfu za sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, katika foleni, inalibeba mara 12 zaidi, karibu sehemu 2 za kumi za sekunde. Lori likisimama kungoja karatasi mpakani, muda huo unakuwa saa nzima, au usiku mzima. Ndiyo maana utakuta barabara hiyohiyo, lami hiyohiyo, siku hiyohiyo ya kazi, kipande kilichonyooka kimetulia kama meza, lakini ukikaribia kituo cha malipo, mzani, kona ya kuingia mjini au mlima ambao malori yanaupanda kwa gia ya kwanza, mabonde yanaanza. Wewe unaijua njia hiyo kuliko mimi: angalia kama kipande chako si mojawapo ya mahali pa namna hiyo. Nisingependa kubahatisha, ila ningeshangaa kisipokuwa.

Kuhusu uzito, unajua mwenyewe kinachopita hapo. Shaba na kobalti ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi inashuka kusini kwenda Zambia na bandari za mbali, na mafuta, salfa, chokaa na chakula vinapanda kuingia. Malori mengi yanapita yamejaa, kwenda na kurudi, jambo ambalo si la kawaida katika barabara nyingi. Kipimo maarufu cha madhara ya uzito kilitoka katika majaribio makubwa yaliyofanyika karibu na Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa juu ya vipande vya barabara mamia kwa maelfu ya mara. Ilionekana kwamba uharibifu unakua takriban kwa uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu) uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ekseli moja inayoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, haiharibu kwa asilimia 20 zaidi. Inaharibu mara mbili. Ikibebeshwa tani 15, inaharibu mara tano. Lazima niseme wazi kwamba hesabu hiyo ni ya uchakavu wa barabara kwa ujumla. Kwa mtiririko wa mchanganyiko wa lami, joto na mwendo wa polepole vina nguvu ileile au zaidi, na upepo wa matairi nao unahesabiwa: tairi lililojazwa bari 8 au 9 linagusa lami kwa eneo dogo na kuichoma kuliko lile la bari 6 la zamani. Tairi moja pana linalochukua nafasi ya pacha pia huchimba zaidi.

Nafika sasa kwenye hoja ya unene, ambayo naijali kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopoteza fedha nyingi. Wananchi wengi, na hata wakubwa wengi, wanaamini kwamba barabara yenye mabonde ilinyimwa lami, na dawa yake ni kuongeza. Katika bonde lenye matuta pembeni, mara nyingi kosa ni kinyume chake: bitumeni ilizidi. Mita moja ya ujazo ya mchanganyiko ina uzito wa takriban tani 2.35. Mtambo ukikosea na kuongeza nusu asilimia ya bitumeni, hiyo ni karibu kilo 12 katika kila mita ya ujazo, lita 11 na zaidi, zinazoingia mahali palipokuwa pa hewa. Hewa iliyokuwa asilimia 3 sasa ni kama 2. Lami ya namna hiyo huwa nyeusi, yenye kung'aa, inavutia sana siku ya kuzinduliwa. Mkandarasi anaipenda kwa sababu inashindiliwa kwa urahisi, kiongozi anaipenda kwa sababu inapendeza kwenye picha. Oktoba ya kwanza inaanza kutoa jasho katika njia ya magurudumu, na Oktoba ya pili ina mabonde.

Jamaa wa bitumeni iliyozidi ni mchanga wa mviringo. Mchanga wa mtoni umesuguliwa na maji mpaka punje zake zimekuwa kama shanga, na shanga haziwezi kukabana. Mchanga unaotokana na kuponda mawe una kona, na kona hushikana. Mchanganyiko unaobeba malori ya madini unahitaji kokoto zilizopondwa pande zote na mchanga uliopondwa, na ule wa mtoni uwe kidogo sana au usiwemo kabisa. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini si ghali kama kurudia barabara.

Nikusimulie kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, tulitumwa kutengeneza kipande chenye mabonde ya sentimita 3 na zaidi. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa na wakubwa: kusawazisha, kisha kutandika tabaka jipya la sentimita 4 juu ya yote. Tulifanya kazi safi, na mchanganyiko mpya ulipita vipimo vyote. Msimu wa joto uliofuata mabonde yalirudi palepale, na lawama ikatuangukia sisi wa maabara. Ndipo tukakubaliwa kukata mtaro mwembamba kuvuka njia nzima, kwa msumeno, jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Ukutani mwa mtaro ule kila kitu kilionekana kama katika kitabu. Msingi wa kokoto ulikuwa umenyooka kabisa. Tuliweka ubao juu yake na haukuacha mwanga kupita. Tabaka letu jipya la sentimita 4 lilikuwa na unene uleule kila mahali, limepinda tu kama blanketi juu ya godoro bovu. Lililohama ni tabaka la zamani katikati, lililojaa bitumeni, ambalo tulilifunika badala ya kuliondoa. Nguvu ya kusukuma mchanganyiko kando haiwi kubwa kabisa juu kwenye uso; iko kali zaidi chini ya uso kidogo, katika sentimita 10 za kwanza, karibu na ukingo wa tairi. Kwa kuongeza sentimita 4 tulikuwa tumelipeleka lile tabaka laini mahali penyewe panaposukumwa sana.

Naamini matengenezo ya kipande chako yalipatwa na jambo hilohilo. Kujaza bonde kunaficha umbo lake bila kugusa kilicholisababisha. Zaidi ya hayo, lami iliyotandikwa ndani ya bonde ina unene katikati na inakwisha kuwa karatasi kwenye kingo, na mahali ilipo karatasi haiwezi kushindiliwa, kwa sababu inapoa kabla rola haijafika na kokoto zake ni kubwa kuliko unene wake. Kingo hizo humeguka, maji yakaingia.

Dawa ya bonde la mtiririko ni kukwangua na kuondoa tabaka lote lililohama, hata kama ni sentimita 8 au 10, mpaka kufikia tabaka lililonyooka, kisha kurudisha mchanganyiko uliobuniwa kwa ajili ya malori ya polepole. Hapo kuna njia kadhaa zinazojulikana. Bitumeni ngumu zaidi, kama ile ya 35/50, au iliyotiwa polima, ambayo hubaki na unyumbufu bila kulainika sana kwa joto. Mifupa ya mawe iliyokabana, kama katika mchanganyiko wa mawe mengi uliobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1960, au ule wa bitumeni ngumu sana uliotengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1980 kwa matabaka ya chini. Na muhimu kuliko jina la mchanganyiko ni kuujaribu kabla ya kuutandika. Jaribio la Marshall, ambalo asili yake ni Mississippi mwishoni mwa miaka ya 1930 na ambalo bado ndilo linaloaminiwa kwetu, linavunja kipande kidogo cha mviringo kwenye nyuzi 60 na kutoa namba ya nguvu. Namba hiyo inaweza kuwa nzuri na mabonde yakatokea vilevile. Jaribio linalojibu swali lako ni lile la gurudumu: bamba la lami linawekwa ndani ya kabati la nyuzi 60, gurudumu lenye mzigo wa nusu tani hivi na upepo wa bari 6 linaenda na kurudi mara 30,000, kisha kina cha bonde kinapimwa kama asilimia ya unene wa bamba. Kwa mchanganyiko wa kawaida Wafaransa hukubali hadi asilimia 10. Kwa barabara za mzigo mkubwa hutaka 7.5 au 5. Ningekuwa mimi ninayetia sahihi, barabara ya Kasumbalesa isingepewa zaidi ya 5.

Na kwenye sehemu ambazo malori husimama kabisa, kwenye malipo, kwenye mizani, kwenye maegesho ya mpakani, mimi nashauri kuachana na lami. Zege la saruji halilainiki kwa jua. Linagharimu zaidi mwanzoni na linafunga njia kwa siku nyingi linapokomaa, lakini kwa mita 200 au 300 za foleni, ni kazi ya mara moja kwa miaka mingi.

Ikiwa ushahidi utaonyesha kwamba bonde lako ni pana, bila matuta, na liliongezeka wakati wa mvua, basi haya yote kuhusu bitumeni uyaweke kando. Hapo kazi inaanza kwenye mfereji wa kando. Changarawe ya laterite ikiwa kavu ni ngumu kama tofali. Ikilowa, hasa ile yenye udongo mwingi wa mfinyanzi, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mfereji ulioziba kwa mchanga na chupa za plastiki, au bega lililoinuka kuliko lami, hupeleka maji moja kwa moja chini ya gurudumu la kulia. Kuna chombo rahisi cha kulipima hilo bila kuchimba: fimbo ya chuma yenye ncha, inayogongwa na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka sentimita 57.5. Unahesabu milimita inazozama kwa kila pigo, tabaka kwa tabaka, na kwa nusu saa unajua udhaifu uko kina gani. Wanaume wawili wanatosha kukibeba.

Umesema maji yanatuama, na hilo ndilo linaloniogopesha kwa niaba yako na abiria wako. Barabara hujengwa na mwinamo wa asilimia 2.5 hivi ili maji yatoke. Bonde lenye upana wa sentimita 80 hushinda mwinamo huo likifika kina cha sentimita 1 tu: kutoka katikati yake hadi ukingo wa chini ni sentimita 40, na asilimia 2.5 ya 40 ni 1. Bonde jembamba huanza kushika maji hata mapema zaidi. Kwa hiyo mvua ikinyesha usiendeshe ndani ya mabonde. Sogea ili magurudumu yako yapite juu ya migongo, ukiwa umepunguza mwendo vya kutosha, na usijaribu kutoka bondeni kwa kukata usukani ghafla. Tairi lililolika likawa laini, juu ya maji ya sentimita moja, kwa mwendo wa kilomita 80, huacha kugusa lami, na kuanzia hapo si wewe unayeendesha.

Ukipenda kunisaidia kukujibu kwa uhakika zaidi, tafuta ubao ulionyooka wa mita 3, asubuhi na mapema kabla malori hayajawa mengi, na mwenzako asimame mbali akiwa na bendera ya kuwapungia madereva. Ulaze ubao kuvuka bonde, pima kwa rula kutoka chini ya ubao hadi mahali penye kina zaidi, na andika pia upana, na kama ubao unakalia matuta au unakalia lami tambarare. Fanya hivyo mahali pa foleni na mahali ambapo malori yanakimbia, utie alama ya rangi kwenye jiwe la bega ili urudi palepale. Pima mwishoni mwa Agosti, mwishoni mwa Oktoba, na tena mvua zikikoma Aprili. Namba hizo tatu, kwa kila mahali, niletee.